Dira ya Simu na Kibla cha Nyumbani

Nyumba nyingi siku hizi hutafuta kibla kwa dira ya simu. Ni vyema basi tujue dira hiyo huongozwa na nini.

Yapata kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, Mwenyezi Mungu ameweka bahari ya chuma kilichoyeyuka. Chuma hicho hupanda, hushuka na kuzunguka, na mwendo wake huzaa umeme na sumaku iizungukayo dunia nzima. Nguvu hiyo hutukinga na chembe kali zitokazo juani. Lakini hapa juu ya ardhi ni dhaifu, hata kijisumaku cha mlango wa friji huishinda kikiwa karibu. Ndiyo maana simu iliyowekwa kando ya friji au vyuma vya dirisha, au iliyovikwa mkoba wenye sumaku, huweza kupotoka, na mama na mwana wakaswali pande mbili katika chumba kimoja.

Twawanasihi: iwekeni simu mbali na vyuma, kisha ilinganisheni na mihrabu ya msikiti wa mtaani. Kwetu Mombasa, Makka iko karibu kaskazini barabara. Na lipo jua, lisilodanganywa na chuma: tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 16 Julai saa 6:27, huwa juu ya Al-Kaaba. Simamisheni kijiti wima. Kivuli kitalala kinyume cha kibla. Wekeni alama ukutani, mzozo uishe.

Wallahu aalam.