Nani Kasema Nyumbani ni Bure?

Kila ifikapo 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, mimi huvaa koti langu la enzi za ukuu wa shule na kwenda kusikiliza hotuba. Mgeni rasmi husema wazee ni hazina, kisha huongeza kwamba sisi Waafrika hatuwatupi wazee wetu makaoni, tunawatunza nyumbani. Hapo makofi hupigwa. Nami nilipiga kwa miaka mingi. Siku hizi sipigi, kwa kuwa ninalo daftari.

Ndugu msomaji, mke wangu anaugua dimenshia, ule ugonjwa unaokula kumbukumbu polepole mpaka mtu akapotea njia ya chooni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Huu ni mwaka wa sita. Majina ya wajukuu yamemtoka, na kwamba mimi ni mumewe limemtoka pia. Lakini "Mwalimu" hajalisahau. Jua likikaribia kuzama hunijia na kanga yake mkononi na kuniuliza: "Mwalimu, kengele ya kwenda nyumbani bado haijalia?" Nyumbani anakokusudia ni kwa mama yake, aliyefariki 1984.

Nilisomea ualimu Marangu mapema miaka ya 1970, na kazi ya ukuu wa shule ilinizoesha kuandika kila senti. Basi niliandika. Nepi za watu wazima, pakiti 10 kwa mwezi, kila moja shilingi 18,000: jumla 180,000. Msichana wa kazi, 100,000. Huyu ni wa nne, maana wa kwanza aliitwa mwizi kila asubuhi akaondoka wiki ya tatu, na simlaumu. Sabuni, maji na mkaa wa kuchemshia, 45,000. Zimekwisha kuwa 325,000, na pensheni yangu haifiki 350,000. Sijataja fundi aliyechomelea geti baada ya mama kuokotwa barabara kuu usiku, wala pikipiki tatu tulizokodi kumtafuta. Tusingekuwa na kihamba chenye ndizi sijui tungekula nini.

Wakubwa watanijibu kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inatamka matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo, na kwamba mstaafu kama mimi ana kadi ya bima. Ni kweli, ninayo. Inalipia daktari na vidonge. Lakini ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Unachodai ni mtu wa kukaa karibu mchana na usiku, wa kulisha, kuosha na kujibu swali lile lile mara arobaini bila kufoka. Mtu huyo hayumo katika kadi yoyote.

Kwangu mtu huyo ni binti yetu. Alikuwa na meza ya mitumba Moshi mjini, akisomesha watoto wake wawili kwa meza hiyo. Ameifunga. Kaka zake walioko Dar es Salaam hutuma chochote wakikumbuka (sisemi zaidi), na wakija Krismasi hushukuriwa mbele ya ukoo mzima kwa kumtunza mama. Binti wakati huo yuko nyuma ya nyumba anafua mashuka.

Wala si kwangu tu. Utafiti wa wilayani Hai uliochapishwa 2013 ulikuta zaidi ya watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 uliigharimu dunia dola za Marekani trilioni 1.3, na karibu nusu yake ni kazi ya ndugu na marafiki. Katika kila saa 10 za kazi hiyo, 7 ni za wanawake. Kumbe tunapoimba kwamba nyumbani ni bure, maana yake ni kwamba mabinti na wake zetu ndio wanaolipa.

Wapo watakaoniuliza: Mwalimu, unataka ulipwe kwa kumpenda mkeo? La hasha. Nitamuosha mpaka mwisho. Ninachokataa ni upendo wangu kufanywa sera ya serikali. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, na baadaye ikafika 50,000. Hazitoshi pakiti tatu za nepi, lakini nani atasema haiwezekani? Bara nasi tuanze, na tuanze na yule anayemtunza mgonjwa: posho yake, mafunzo yake, na muuguzi wa kumpokea japo siku moja kwa wiki aende zake sokoni.

Nakiri jambo moja linaloniuma. Mke wangu alimuuguza mama yangu kitandani miaka minne, na katika madaftari yangu yote ya miaka hiyo, yenye hesabu hadi za chaki, sikuona mstari hata mmoja juu yake.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilichora safu mpya na kumuuliza binti yangu niandike kiasi gani kwa kazi yake. Alikuwa amebeba ndoo. Akasema, "Baba, andika tu kwamba nepi zimebaki mbili."