Kioo Kikiingia Giza, Usikimbilie Waya



Juma hili tuzungumze jambo la nyumbani ambalo limeniletea wageni barazani mara tatu tangu shule zifunguliwe. Kompyuta imewashwa, mtu anaandika, anaitwa jikoni au anakwenda kuswali, na arudipo anakuta kioo ni cheusi tititi. Mama mmoja wa mtaani kwetu alilikuta giza hilo usiku, juu ya kazi ya chuo ya bintiye, akadhani mashine imeungua, akachomoa waya ukutani. Kurasa kumi na moja ambazo binti hakuwa amezihifadhi zikapotea, na kesho yake fundi akamwambia kwamba kioo kimekufa, sharti kinunuliwe kingine. Kioo kilikuwa kizima. Kilikuwa kimelala tu, kama kilivyoamriwa na waliokitengeneza.

Amri hiyo ina asili yake. Vioo vya kompyuta za zamani vilikuwa na kisogo kikubwa kama televisheni za wazee wetu, na ndani yake mlipakwa unga unaong'aa. Picha moja ikikaa mahali pamoja kwa masaa mengi, unga ule ulichakaa, na kivuli cha picha kikabaki hapo daima. Ndipo zikabuniwa zile programu za kuchezesha picha, samaki wakipita huku na huku, ambazo watoto wetu walizipenda kuliko kazi yenyewe. Kisha mwaka 1992 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira likaanzisha alama ya Energy Star, na bidhaa za mwanzo kupewa alama hiyo zilikuwa kompyuta na vioo vyake, kwa madhumuni ya kwamba mashine iachwapo bila kazi ipunguze umeme yenyewe. Tangu hapo kujizima kumekuwa desturi, wala si desturi mbaya kwa sisi tunaonunua stima kwa tokeni.

Lakini giza si la namna moja. Kioo huweza kuzimika peke yake, mashine ikabaki macho na kazi yake ikiendelea. Aidha mashine nzima huweza kulala, kazi yako ikawekwa katika kumbukumbu ya muda, ambayo hudumu maadamu kuna umeme kidogo wa kuilisha. Na kuna usingizi mzito zaidi, ambapo mashine huinakili kazi yote diskini kisha ikajizima kabisa. Usingizi ule wa katikati ndio wa kuhofiwa na mwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, kwani stima ikipotea ghafla, na hapa Pwani si jambo geni, kilichomo katika kumbukumbu ya muda huweza kwenda nayo. Mwenye kipakatalishi hana hofu kubwa, madhali betri yake ni nzima.

Basi ukikuta giza, usianze kwa waya. Bonyeza kitufe cha Shift, ambacho hakiandiki chochote, nawe usubiri hata nusu dakika. Mashine kongwe huamka taratibu kama wazee. Isipoamka, bonyeza kitufe cha herufi kubwa, Caps Lock, huku ukiitazama taa yake ndogo kwenye kibodi. Taa ikiwaka na kuzimika kila ubonyezapo, mashine iko macho na inakusikia, ila kioo ndicho kisichoonyesha. Hapo fanya haraka lililo muhimu: bonyeza Ctrl pamoja na S. Ikiwa faili ilikwisha kupewa jina, na ndiyo iliyokuwa mbele, kazi itahifadhiwa gizani vivyo hivyo. Laiti yule binti angalilijua hilo.

Baada ya kuhifadhi, na ikiwa mashine yako ni ya Windows 10 au 11, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha, Ctrl, Shift na B. Vitufe hivyo vinne huamsha upya programu inayoendesha picha, wala havifungi faili yoyote. Na kama taa ya kibodi haikuitika kabisa, yamkini mashine nzima imelala: bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, kisha uachie. Neno uachie nalitilia mkazo, kwa sababu kukishikilia kwa sekunde kadhaa ni kuikata mashine roho, sawasawa na kuchomoa waya. Mwenye kompyuta ya mezani aangalie pia kama kioo chenyewe kimewashwa. Nyumba yenye watoto wadogo haina kitufe kilicho salama.

Kujua kama ni usingizi au ni ugonjwa, tazama saa. Giza likija kila mara baada ya dakika zile zile, na kamwe lisije wakati unaandika, hiyo ni mipangilio, nayo hubadilishwa bila kulipa mtu. Fungua mipangilio penye alama ya gurudumu lenye meno, ingia sehemu ya mfumo, kisha palipoandikwa "Power". Utaona dakika za kuzima kioo na dakika za kulala, na kwa kipakatalishi kila moja ina hesabu mbili, ya betri na ya stima. Mimi humshauri mwenye kompyuta ya mezani aache kioo kizimike baada ya dakika kumi, lakini mashine isilale kabisa wakati kuna kazi ya mtihani.

Giza likija katikati ya kuandika, au likija unapoinua na kushusha kifuniko cha kipakatalishi, huo ni ugonjwa. Aghlabu ni waya unaopita kwenye bawaba, au joto, au waya wa kioo cha mezani uliolegea, au pini zake zilizoliwa na kutu kwa hewa hii yetu ya chumvi. Zima, chomoa, futa kwa kitambaa kikavu, rudisha na ukaze. Kisha mulika tochi kioo kwa ubavu: ukiona maandishi hafifu gizani, kilichokufa ni taa ya nyuma, si kompyuta. Au iunganishe na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI. Picha ikionekana huko, umekwisha kujua la kumwambia fundi kabla hajakuambia yeye.

Nami nayasisitiza haya kwa ajili ya sitara. Ndani ya mashine zenu, dada zangu, mna picha za harusi na za nyumbani ambazo hazikupigwa ili zionwe na ajinabi. Ikiwa kibovu ni kioo cha mezani, peleka kioo peke yake. Ikiwa ni lazima upeleke mashine nzima, nakili picha na faili kwenye diski ya nje, uzifute, na kama inamkinika mtu wa nyumbani akae pale fundi anapofanya kazi.

Kwenye saiba mambo ni kinyume chake. Huko giza humdanganya mtu akadhani amefunga, akainuka akaenda zake, ilhali akaunti yake ya eCitizen au barua pepe bado iko wazi nyuma ya kioo cheusi. Mteja ajaye hugusa kipanya tu, na yote yakamdhihirikia. Kwa hiyo ukiwa saiba, kabla ya kulipa na kuondoka, kiamshe kioo, toka katika kila akaunti uliyoifungua, kisha ufute zile ulizopakua, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa kwanza.