UFUNDI WA GARI: Breki za Diski kwa Land Rover Kuukuu



Barabara ya Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilometa 192, ilikamilika kutiwa lami mwaka 1987+25, yaani 2012. Tangu hapo gari lililoundwa kwa mwendo wa polepole vumbini laweza kukimbizwa kilometa 80 kwa saa. Yafaa ikumbukwe kwamba mwendo ukiongezeka kutoka 40 hadi 80, kazi ya breki huongezeka mara nne, si mara mbili.

Land Rover Series III, iliyotengenezwa tangu 1971 hadi 1985, ina breki za ngoma katika magurudumu yote manne. Ngoma ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu vyake, na dereva huona pedali ikizama. Gari likivuka maji, nayo hubaki ndani. Diski iko wazi. Hupoa na kukauka upesi. Ndiyo maana Land Rover One Ten ya mwaka 1983 ilitoka na diski mbele, mahali ambapo uzito mwingi huangukia gari linaposimama.

Hata hivyo, kufunga diski peke yake ni hatari. Hapana budi fundi azingatie haya:

1. Ngoma hujivuta yenyewe; diski haijivuti. Kwa hiyo hudai busta ya kumsaidia dereva, pamoja na master silinda ya kipimo chake.

2. Master silinda ya ngoma aghalabu ina vali inayobakiza shinikizo katika bomba. Ikiachwa upande wa diski, breki hubana daima na kuungua.

3. Breki za mbele na za nyuma zilingane. Za nyuma zikikamata kwanza, gari huyumba.

4. Rimu zisiguse kalipa, yaani koleo libanalo diski.

5. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, nayo hupoteza uwezo wa kustahimili moto. Mafuta mapya ya DOT 4 huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi. Yaliyokwisha kunywa unyevu huweza kuchemka kwa 155. Yabadilishwe kila miaka miwili. Kamwe usitie mafuta ya injini, kwani huharibu mipira.

Asiye na fedha za kutosha asione haya kubaki na ngoma. Viatu vipya, silinda za magurudumu zisizovuja, mipira mizima na marekebisho sahihi ni bora kuliko diski iliyofungwa nusunusu.

Akina mama nao waangalie: vumbi la viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto, iletayo saratani ya mapafu. Lisipulizwe wala kufagiwa kavu, bali lilowanishwe. Na watoto wakae mbali.

Kazi ikiisha, jaribu gari uwanjani likiwa tupu, kwa mwendo mdogo. Likivuta upande mmoja, lirudi kwa fundi kabla jamaa hawajapanda.

Juma lijalo: breki ya mkono.