Apunguzaye Mwili Asiachwe Peke Yake

Miongoni mwa barua zilizotufikia hivi karibuni imo moja ya mama wa Kabuga, ule mji mdogo ulioko upande wa mashariki wa jiji la Kigali, kando ya barabara kuu iendayo Rwamagana na Kayonza hata mpakani Rusumo. Mama huyu ni mfanyabiashara, na hushinda ameketi dukani tangu asubuhi hadi jioni. Anatueleza kwamba muuguzi alimpima akakuta shinikizo la damu limepanda, akamshauri apunguze mwili. Amekwisha kujaribu mara tatu. Kila mara alianza kwa bidii, akaacha kula usiku, akaona nguo zinalegea. Kisha kabla ya mwezi wa pili kumalizika akawa amerudi pale pale alipoanzia. Lakini lililotufanya tuichague barua yake ni jambo aliloliandika mwishoni, kana kwamba ni dogo. Akila kidogo, mumewe hukasirika na kusema kuwa watu watadhani nyumba yake ina njaa. Na majirani nao humwuliza kwa sauti ya huruma kama anaumwa.

Tumeonelea tumjibu hapa hadharani, maana hayuko peke yake. Uchunguzi wa taifa wa afya nchini Rwanda ulionyesha mwaka 2010 kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 16 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uchunguzi kama huo uliofanywa mwaka 2019 na 2020 ulikuta wamefika 26. Na hali hiyo huonekana zaidi mjini kuliko shambani, kwa sababu zisizohitaji maelezo marefu: mjini twakaa zaidi, twapanda gari zaidi, na mafuta ya kupikia yanauzwa kila kona.

Basi tuanze na yule bwana, maana wengi wetu tungependa kumlaumu upesi. Katika nchi za Maziwa Makuu mwili wa mke umekuwa tangu zamani kama cheti cha nyumba. Mwingereza Speke alipofika Karagwe, ng'ambo ya mto Kagera, mwishoni mwa mwaka 1861, aliwakuta wake wa wakuu wa nchi ile wakinyweshwa maziwa hata wengine wasiweze kusimama, na unene huo ndio uliokuwa fahari ya waume zao. Hayo yamepita, lakini fikira hazifi upesi kama desturi. Kisha ikaja miaka ya themanini na tisini ya karne iliyopita, ambapo kukonda kulisomwa mara moja kuwa ni dalili ya ukimwi. Tena wako Wanyarwanda wengi, wa umri wa makamo na kuendelea, walioijua njaa yenyewe, ama ukimbizini ama katika shida zilizofuata mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Mtu wa namna hiyo akimwona mkewe anaisukuma sahani kando haoni afya. Anaona balaa inarudi mlangoni. Huyo si wa kuchekwa wala kununiwa. Ni wa kuelezwa.

Na aelezwe na nani? Si na mkewe peke yake, kwa kuwa maneno ya chumbani hugeuka ugomvi upesi. Safari ijayo ya kupima shinikizo la damu, dada yetu na afuatane na mumewe kwenye kituo cha afya, na mumewe naye apimwe. Hapo muuguzi atayasema yale yale mbele ya wote wawili. Pamoja na shinikizo wapimwe kiuno, kwa kuwa mafuta yajikusanyayo tumboni ndiyo yenye madhara zaidi kwa moyo na ndiyo yaletayo kisukari. Kwa mwanamke, kiuno kikipita sentimita 80 hatari imeanza, na kikipita 88 imekuwa kubwa. Kwa mwanamume, vipimo hivyo ni 94 na 102. Si ajabu bwana akatoka pale akiwa na hesabu yake mwenyewe ya kufikiria.

Majirani nao wasijibiwe kwa hotuba. Yatosha kusema kuwa daktari ameagiza. Neno hilo hufunga mazungumzo katika nchi yoyote.

Sasa tuje kwenye lile lililomshinda mara tatu. Dada yetu anajiita mvivu, na sisi hatukubaliani naye hata kidogo. Mwili wa binadamu haukuumbwa upende kupungua. Mafuta ya mwilini yenyewe hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo kazi yake ni kuuarifu ubongo juu ya akiba iliyopo. Mafuta yapunguapo, leptini nayo hupungua. Ubongo huona kwamba njaa imeingia nchini, ukaongeza hamu ya kula, na mwili ukaanza kutumia nguvu zake kwa ubahili. Ndiyo sababu mwezi wa kwanza huwa mwepesi na wa pili na wa tatu huwa mzito. Yule aliyeacha mwezi wa pili aliacha mahali ambapo karibu kila mtu huacha. Na hapo ndipo mtu anapohitaji wenzake. Siku ya kwanza kila mtu anaweza kuwa shujaa.

Iko hadithi ya kweli ya mama wa nyumbani aliyeligundua jambo hili bila kusoma udaktari. Jina lake Jean Nidetch, mkazi wa Queens katika jiji la New York. Mwaka 1961, akiwa na uzito wa kilo 97 hivi, alikutana dukani na mtu aliyemjua, akamwuliza atajifungua lini, hali hakuwa mjamzito. Aibu ile ikampeleka kwenye kliniki ya serikali ya jiji, akapewa utaratibu mzuri wa chakula. Utaratibu ulifaa, lakini yeye alikuwa akila biskuti kwa siri, na hakuthubutu kumwambia mtumishi wa kliniki. Hatimaye akawaita rafiki zake sita sebuleni kwake, akawaeleza yote. Kumbe kila mmoja wao alikuwa na siri ya namna hiyo! Wakakubaliana kukutana kila juma. Ilipofika mwishoni mwa mwaka 1962 alikuwa amepungua zaidi ya kilo 32, na mwaka 1963 mikutano ile ikawa kampuni iliyoitwa Weight Watchers, ambayo ilienea dunia nzima. Kwamba baadaye watu walilipishwa fedha ili waketi na wenzao na kusema kweli, hilo ni la Wamarekani; kwetu sisi mkeka na chai ya rangi vyatosha.

Wataalamu nao walikuja kulipima jambo hilo. Mwaka 1999 Rena Wing na Robert Jeffery, watafiti wa Marekani, walitoa matokeo ya watu waliofundishwa kupunguza uzito kwa muda wa miezi minne. Baadhi waliingia peke yao, na wengine waliingia pamoja na rafiki au jamaa watatu, wakafundishwa pia namna ya kusaidiana. Miezi sita baada ya mafunzo kumalizika, waliokuwa bado wameishika hatua yote waliyoipata walikuwa 24 katika kila 100 miongoni mwa wale wa peke yao, lakini miongoni mwa wale wa pamoja walikuwa 66. Tofauti hiyo si ndogo.

Basi mama wa Kabuga hana haja ya kutafuta mbali. Karibu kila mtaa wa Rwanda una ikimina, yaani chama cha akiba ambacho sisi wengine twakijua zaidi kwa jina la upatu. Wanachama huonana kwa siku maalumu, hutunza daftari, na humtafuta asiyekuja. Vitu hivyo vitatu ndivyo hasa anavyovihitaji apunguzaye mwili. Achague wawili au watatu katika chama chake wenye shida kama yake, wakubaliane kubaki nusu saa baada ya hesabu za fedha. Mizani si lazima. Ile futi ya kamba ya fundi cherehani yatosha, nayo iandikwe daftarini kila baada ya majuma mawili, pasipo kusomwa kwa sauti. Tunasisitiza jambo hili la sauti. Twaona ni kosa kutoza faini mtu ambaye hakupungua, au kumfanyia mzaha; mwenye aibu haji tena, na chama cha namna hiyo huishia kuwa cha wembamba watupu, ambao hawakukihitaji tangu mwanzo. Anayepaswa kuulizwa ni asiyehudhuria, naye aulizwe kwa wema.

Lengo nalo liwe la kiasi. Katika uchunguzi mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa juma. Waliopatwa na ugonjwa miongoni mwao wakapungua kwa asilimia 58 kuliko wale ambao hawakusaidiwa hivyo. Kwa mtu wa kilo 85 hiyo ni kama kilo 6. Nusu kilo kwa juma ni mwendo mzuri; anayeahidiwa kilo 10 kwa mwezi anadanganywa. Mjamzito asijaribu kujipunguza, na yule anyonyeshaye au atumiaye dawa za kisukari amwone daktari kwanza.

Habari ya kutembea isituchukue muda. Kabuga ina vilima vya kutosha, na njia za udongo za ndani ni salama kuliko kando ya barabara kuu yenye malori ya mizigo yatokayo Dar es Salaam. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukishikwa kwa jembe na si kwa mazungumzo, nao ni mazoezi. Na anayependa kuchangamka na umati ashuke mjini katika zile Jumapili ambazo, tangu mwaka 2016, baadhi ya barabara za Kigali hufungwa magari asubuhi ili watu watembee na kukimbia. Huko hupatikana pia wapimaji wa shinikizo na sukari. Lakini tusijidanganye kwamba miguu italipa madeni yote ya mdomo. Chupa moja kubwa ya bia ina kalori zinazokaribia 300, na kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kama 120. Saa nzima ya kutembea kwa mwendo wa kawaida haitumii zaidi ya bia hiyo moja.

Kwa kuwa dada yetu hula mchana karibu na duka, hapana budi tuitaje ile sahani iitwayo melanji, ambayo mteja hujipakulia mara moja kwa bei moja: wali, ndizi, viazi, makaroni, maharage, na juu kabisa kipande cha nyama kinachojishikilia kama mpanda mlima. Kosa haliko katika chakula chenyewe. Kosa ni kwamba mtu aruhusiwaye kupakua mara moja hupakua kwa mara tatu. Aanze na mboga za majani na maharage mpaka nusu ya sahani ijae, kisha achague kimoja tu kati ya wali, ndizi, viazi na makaroni. Wa duka la jirani afanye vivyo hivyo, waende pamoja. Si rahisi kujenga mnara mbele ya mwenzako ambaye jana mliahidiana.

Mwishoni dada yetu anauliza apike nini jioni, kwa kuwa amechoka kupika sufuria mbili, moja yake na moja ya watu wa nyumbani. Asipike mbili. Sufuria mbili ndizo zilizomtenga na kumfanya aonekane mgonjwa mezani pake mwenyewe. Apike isombe ya watu wote, kwa njia hii.

Kisamvu kilichotwangwa kichemshwe kwa maji mengi katika sufuria isiyofunikwa, kwa muda wa saa nzima au zaidi, mpaka kilainike kabisa na harufu yake ya ubichi iishe. Kisamvu kisichoiva vizuri kina sumu. Kisha vitiwe vitunguu viwili, pilipili hoho moja, nyanya chungu sita zilizokatwa vipande, na mchicha wa bustani ya nyuma ya nyumba. Vikiiva, koroga vijiko vinne vya mezani vya unga wa karanga katika maji ya uvuguvugu, umimine, uache moto mdogo kwa dakika 20. Mawese usitie, karanga zina mafuta ya kutosha, na mwenye kuyataka sana awekewe kijiko kimoja kwenye sahani yake. Chumvi iwe kidogo, kwa ajili ya shinikizo. Sufuria hiyo yatosha watu sita. Ugali wa bwana uwe mkubwa kama apendavyo, na wa mama uwe kiasi cha ngumi yake mwenyewe, lakini isombe wote wapakuliwe sawa.