Kabla Uweke Kechi Keni, Uliza Injini Yako Swali Moja

Siku hizi ukienda mahali vijana wamekutana na magari yao hapa Nairobi, mtu akifungua boneti kitu cha kwanza anakuonyesha ni kakopo ka alumini kamefungwa kando ya injini, kana mipira miwili. Hiyo ndiyo kechi keni. Kazi yake ni kunasa oili. Wasee wengi wananiuliza: na mimi niweke? Jibu langu litaudhi wengine. Wengi wenu hamuihitaji, na wenye wanaihitaji kweli wengi hata hawajui.

Tuanze na injini yenyewe. Petroli ikiwaka ndani ya silinda, gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kule chini kwenye oili. Kila injini hufanya hivyo, hata mpya. Gesi zikifungiwa huko, presha inapanda na sili zinaanza kuvuja. Ndiyo maana kuna valvu ya PCV: inazirudisha kwenye njia ya hewa zikachomwe. Shida ni kwamba zinabeba ukungu wa oili na mvuke wa maji. Kechi keni inakaa katikati ya hiyo safari, inashika oili, inaachilia hewa iendelee.

Sasa swali lenyewe: injini yako inanyunyiza petroli wapi?

Kama una Vitz ya lita 1.0, ama Probox ya 1NZ-FE, petroli inanyunyizwa kabla ya valvu za kuingiza hewa. Kila mara inapita juu yake ikiziosha. Ule ukungu wa oili hauna muda mwingi wa kukauka hapo. Kwa gari kama hiyo, kechi keni ni urembo. Sina ubaya na urembo, lakini tuuite urembo.

Kama una Mark X ya 2.5 yenye 4GR-FSE, Demio ya SkyActiv, Golf ya TSI ama Forester SJ ya turbo, hadithi ni tofauti. Hizo petroli inaingia moja kwa moja ndani ya silinda. Hakuna kinachoosha valvu, kwa hivyo oili inashika juu yake, inaungua na joto, inakuwa kaboni ngumu. Hewa inabanwa, gari inatetemeka ikisimama kwa jam, nguvu inapungua. Ukiwa na turbo, presha inasukuma ukungu mwingi zaidi. Hapo kechi keni ina maana.

Kuna injini zingine, kama zile Toyota huita D-4S, ambazo zina nozeli za aina zote mbili. Hizo hujiosha kiasi, so usiharakishe. Tafuta kodi ya injini yako, ujue uko upande gani, halafu ndio uongee pesa.

Na hapa ndipo mimi hukasirika. Kuna vijana wamenunua gari ya kwanza kwa mkopo wa sacco, moshi wa bluu unatoka nyuma, na mtu anawauzia kechi keni kama dawa. Manze, moshi wa bluu ni oili inaungua. Inaweza kuwa ringi zimechoka, sili za valvu zimekauka, ama PCV imekwama. Kopo halifufui ringi. Anza na PCV, juu ni kitu kidogo na kwa gari nyingi ni rahisi kufikia. Kisha mwambie fundi apime kompresheni. Ukishajua ugonjwa, nunua dawa. Hiyo pesa ya kopo ingekuwa oili ya gredi inayofaa na filta mpya, na oili ikibadilishwa kwa wakati inasaidia injini ya kila aina.

Jambo lingine: kechi keni haisafishi. Gari zetu nyingi hutoka Japani zikiwa zimetumika, na sheria inaruhusu hadi miaka 8. Kaboni ya hiyo miaka yote imekuja nayo melini. Ukiweka kopo leo, unapunguza uchafu wa kesho tu. Ule wa jana unahitaji valvu zisafishwe na mtu anayejua kazi. Na hata kopo zuri halishiki kila kitu, juu oili nyingine hupitia kwa sili za valvu zenyewe.

Kama bado uko kwa kundi la wanaoihitaji, masharti ni matatu. Kwanza, angalia ndani. Kopo tupu ni chupa tu; nzuri ina vizuizi ama waya kama ile ya kusugua sufuria, ukungu ugongane nayo na udondoke. Pili, ifungwe kabisa na irudishe hewa kwa injini. Zile za kafilta kadogo juu zinapumua nje, unanusa oili ndani ya gari, na kwa injini yenye kipimo cha hewa hesabu inaharibika. Tatu, mwaga. Baridi ya Julai na safari fupi za kwenda dukani zinajaza maji yenye rangi ya maziwa humo ndani. Angalia kila baada ya wiki chache hadi ujue mwendo wake. Na usimwage kwa mtaro. Peleka penye fundi anaweka oili chafu.

Kama unajijua hutafungua boneti hadi siku ya servisi, usiweke. Kopo lililojaa halinasi kitu, na ile oili yote uliyokusanya inaweza kuvutwa kwa injini kwa mpigo mmoja. Msee wa Mark X mwenye bidii, weka. Msee wa Vitz, badilisha oili, kagua PCV, na ubaki na doo yako.