Ardhi ikitetemeka Baraka, nani anabaki zamu?

Tarehe 5 Desemba 2005, kiasi cha saa nane mchana, tetemeko la nguvu ya 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika. Kalemie nyumba zilianguka na watu wakafa. Mtikisiko ulisikika hadi Nairobi. Baraka iko ufukweni mwa ziwa hilohilo, na Fizi iko milimani juu yake. Jumapili ya 3 Februari 2008 ikawa zamu ya Bukavu na majirani wa Rwanda, ambako zaidi ya watu 30 walipoteza maisha.

Kila mara wakaaji wanazungumzia nyumba: matofali, nguzo, mabati. Ni haki yao. Lakini wapo watu wasiopaswa kukimbia wakati wengine wanakimbia, na hao hawazungumziwi.

Japani ilijifunza hilo kwa gharama. Tarehe 16 Julai 2007 tetemeko lilipiga kituo cha umeme wa nyuklia cha Kashiwazaki-Kariwa. Mitambo iliyokuwa ikifanya kazi ilijizima yenyewe, kama ilivyotengenezwa, lakini transfoma ikashika moto. Simu ya kuita wazima moto ilikuwepo, ila ndani ya chumba ambacho mlango wake ulipinda ukakataa kufunguka. Mlango tu!

Fukushima ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 11 Machi 2011 mitambo ilijizima vizuri, kisha wimbi la bahari likakata umeme. Wafanyakazi walisoma vipimo kwa tochi na kukusanya betri za magari. Mtambo namba 1 ulikuwa na kifaa cha kuupoza bila pampu za umeme, lakini hakuna mtu wa zamu aliyewahi kukiendesha kwa kweli. Kwa saa nyingi wakubwa waliamini kinafanya kazi, kumbe hakifanyi.

Baraka haina nyuklia. Hata kinu cha utafiti cha Kinshasa, TRICO II, kilisimama tangu 2004. Lakini ina wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji, jenereta, na mafuta yanayouzwa karibu na nyumba za watu. Mwangalizi wa jenereta azime kwanza au akimbie kwanza? Taa zikizimika katikati ya upasuaji, nani anashika tochi, na tochi yenyewe iko wapi? Ufunguo wa mlango wa nyuma uko kwa nani? Mara nyingi uko kwa mkubwa, na mkubwa yuko nyumbani.

Watakuwepo wa kusema kwamba Fizi ina vita, wakimbizi na kipindupindu, tetemeko lingoje. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo zoezi la namna hii halihitaji mfadhili: muuguzi mkuu na watu wake wa zamu, asubuhi moja, kila mmoja aguse kwa mkono wake swichi atakayoizima na mlango atakaoufungua. Kisha warudie usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu maelekezo ya dharura ya Fukushima yaliandikwa kwa kudhani umeme wa kusoma vipimo utakuwepo.