Majibu Yako Wapi?

Toleo hili limechelewa, na kilichochelewesha ndicho kilichokuwa mada yake. Katika kikao cha bodi ya uhariri tulibishana mchana mzima juu ya jambo lililokuwa na mstari mmoja tu kwenye ajenda: makala zetu, ambazo nyingi ni za Kiingereza, ziwe na ikisiri ya Kiswahili au zisiwe nayo? Wenzangu wa tiba walisema kazi hiyo itawachelewesha. Wa biashara wakasema hakuna atakayeisoma. Mwenzetu wa elimu, mtu ninayemheshimu sana, akasema lile ninalolisikia tangu nikiwa mwanafunzi: Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Niliondoka pale na hasira, na mpaka naandika haya haijaniisha.

Tukakubaliana kwamba toleo moja, hili, liwe la Kiswahili lote. Hatukuomba tafiti mpya. Tuliwaomba wachangiaji warudie tafiti zilizokwisha kuchapishwa katika tiba, utengamao, elimu na biashara, wazisome upya wakiwa na swali moja mkononi: watu walioulizwa maswali walirudishiwa nini, na kwa lugha gani?

Kila aliyewahi kufanya utafiti wa watu nchini Tanzania anaijua njia yake. Pendekezo linapita kwenye kamati ya maadili ya chuo. Likiwa la afya linaweza kufika hadi Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kisha barua za mkoa, halmashauri, na mwisho mtendaji wa kata. Ndani ya jalada hilo lazima iwemo fomu ya ridhaa ya Kiswahili pamoja na dodoso la Kiswahili. Maana yake ni kwamba mtafiti anayedai hana maneno ameshayapata. Amemweleza mama mwenye mtoto mgongoni kwamba watoto watagawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu, kwamba kundi moja litapata chanjo inayojaribiwa na jingine halitaipata, kwamba si yeye wala muuguzi atakayejua nani kapata nini, na kwamba ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Hayo ni mambo mazito ya falsafa ya sayansi, na yamesemwa kwa Kiswahili barazani, mama akaelewa, akaweka sahihi au dole gumba. Ilipohitajika damu ya mtoto, maneno yalipatikana. Yanapohitajika majibu, tunaambiwa lugha ni changa.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya msaidizi wa utafiti, nikipita nyumba kwa nyumba na dodoso la kurasa kumi na nne kuhusu maumivu ya mgongo na viungo. Mzee mmoja alinikaribisha vizuri, akaniwekea kigoda, akajibu maswali mpaka la mwisho. Nilipofunga daftari akaniuliza, "Mwanangu, mwaka juzi walikuja wenzako wakaniuliza haya haya. Majibu yako wapi?" Sikuwa na la kumwambia. Ripoti ya wenzangu wale nilikuwa nayo mkobani, kwa Kiingereza, na hakuna hata ukurasa mmoja ambao ningeweza kumwachia. Swali lake ndilo nililolipa toleo hili kuwa jina.

Sasa niseme jambo ambalo bodi yangu inajua kwamba silichoki. Kurudisha majibu kwa Kiswahili ni haki ya aliyeulizwa, lakini pia ni suala la ubora wa sayansi yenyewe. Data nyingi za vyuo vyetu huzaliwa kwa Kiswahili. Mhojiwa anasema, karani anaandika, na mara nyingi jioni ile ile maneno yanageuzwa Kiingereza kabla mtu yeyote hajayafikiria. Kuanzia hapo uchambuzi wote unafanyika juu ya tafsiri, na asili inabaki kwenye sanduku. Nani anayekagua ugeuzaji huo? Katika miaka yangu ya uhariri nimeona takwimu zikihojiwa hadi desimali ya tatu. Sikumbuki mhakiki aliyeomba kuona sentensi halisi ya dodoso.

Mfano mkubwa ni degedege, na ndiyo sababu makala inayouzungumzia imepewa kurasa nyingi kuliko nyingine zote. Kwa muda mrefu wahudumu wa afya walikuwa wakiwaambia wazazi kwamba malaria huua watoto, na wazazi wakakubali. Mtoto akipata homa walimpeleka zahanati. Lakini mtoto yuyo huyo akianza kukakamaa, macho yakimgeuka juu, hiyo kwao haikuwa tena malaria. Ilikuwa degedege, ugonjwa mwingine wenye asili nyingine, unaohusishwa na ndege na mashetani, na wengi waliamini kwamba mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Kwa hiyo pale hasa malaria ilipokuwa kali na kila saa ilikuwa na thamani, mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo walilieleza hilo kwa kina katika makala iliyochapishwa mwaka 1996, na wengine wakalifuatilia sehemu nyingine za nchi.

Angalieni kilichowawezesha kuona. Hawakulitafsiri neno. Dodoso lingeuliza tu kama mtoto aliwahi kupatwa na mtukutiko wa mwili wakati wa malaria, mama angejibu hapana kwa ukweli kabisa, na jedwali lingeonyesha kwamba malaria kali ni nadra kijijini hapo. Waliliacha degedege liwe degedege, wakaliingiza hadi kwenye kichwa cha makala yao ya Kiingereza, na neno hilo moja likafungua mlango ambao darubini isingeufungua. Nasisitiza hili kwa vijana wanaoandika tasnifu sasa hivi: neno la mhojiwa ni kielelezo kama kilivyo kichupa cha damu. Damu hamuimwagi baada ya kusoma kipimo bila kuandika ilikotoka.

Mwandishi wa makala yetu ya degedege anaunganisha jambo hili na mradi wa vyandarua wa Kilombero na Ulanga uliosimamiwa kutoka Ifakara miaka ya mwisho ya tisini. Vyandarua vile na dawa yake viliuzwa, havikugawiwa bure, na viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliongeza uhai wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne kwa asilimia 27. Wa tiba huusoma kama utafiti wa tiba. Mimi nausoma pia kama utafiti wa biashara: bei, maduka, wakala wa kijijini, na jina la bidhaa ambalo mteja hahitaji kulielezwa. Ningependa wenzetu wa shule za biashara waufundishe darasani badala ya mifano ya viwanda vya magari ambavyo wanafunzi wao hawatavikanyaga.

Kuhusu utengamao. Neno lenyewe ni jibu kwa wanaolalamikia istilahi. Mtu aliyeumwa akapata nafuu husema nimetengemaa, na kutoka humo limepatikana jina la taaluma nzima ya kumrudisha mtu katika maisha yake baada ya ajali, kiharusi au upasuaji. (Wizara huandika utengamao, wengine utengemao. Tumefuata wizara, lakini nafsi yangu iko na wale wengine, maana ndiko kitenzi kiliko.) Mchangiaji wetu, ambaye ni mtaalamu wa fiziotherapia, anagusa jambo ambalo walimu wa sarufi wanalijua na watafiti wanalisahau: kilema, kipofu na kiziwi yamekaa kwa umbo katika ngeli ya vitu. Anayeingia nyumbani kwa watu na kuuliza kama kuna vilema humu ndani ameshaharibu data kabla hajakaa, kwa kuwa wapo watakaomficha mtoto chumbani. Ndiyo maana maswali sita ya Kundi la Washington la takwimu za ulemavu, yaliyotumika pia katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, hayataji ulemavu kabisa. Yanauliza kama mtu anapata ugumu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na kwa kiasi gani. Lakini ugumu, shida na taabu havilingani uzito. Anayeulizwa na karani wa serikali kama ana shida ya kutembea huenda akafikiri anaulizwa anahitaji msaada gani. Nani ameamua litumike lipi, na kwa kupima nini? Makala inalijadili vizuri, nami nisingeweza kuongeza.

Katika sehemu hiyo hiyo wamerejewa wagonjwa wa kiharusi wa wilaya ya Hai na wa Dar es Salaam. Utafiti wa kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kiwango cha kiharusi jijini, baada ya kusawazishwa kwa umri, kikikaribia mara tatu ya kile cha Hai. Kilichonishangaza zaidi ni utafiti mwenza wa mwaka 2008 juu ya maelezo ya watu wenyewe: imani kwamba kiharusi huletwa na mashetani au uchawi ilikuwa na nguvu zaidi Dar es Salaam, wakati Hai watu walizungumzia zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo. Sisi wa mjini tunaopenda kusema kwamba kijiji ndicho kinachohitaji elimu ya afya tuisome makala hii mara mbili.

Katika elimu, nimefurahi kuona tathmini ya Uwezo ikipewa nafasi inayostahili. Ilianzishwa mwaka 2009 kwa kufuata mfano wa India, na wahojaji wake nchini Kenya, Tanzania na Uganda walikwenda nyumbani, wakimpa mtoto asome hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, kisha papo hapo wakimwambia mzazi mtoto wake ameweza nini na hajaweza nini. Katika tathmini ya kwanza ya Tanzania, ni takribani watoto watatu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ile ya Kiswahili. Takwimu hiyo iliwashtua wakubwa. Lakini kabla haijawafikia wakubwa, baba na mama walikuwa wameshajibiwa ukumbini kwao, kwa lugha yao. Yule mzee wangu wa kigoda hakutaka zaidi ya hapo. Inawezekana, na imefanywa kwa watoto wengi mno kiasi kwamba hoja ya gharama hainipati tena.

Makala inayofuata inachambua jaribio la shule 350 la mwaka 2013 na 2014, ambamo ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi peke yake haikuinua ufaulu, lakini ilipoambatana na bonasi ya mwalimu watoto walijifunza zaidi. Sikubaliani na hitimisho la mwandishi kuhusu bonasi. Nimeiacha kama ilivyo.

Upande wa biashara umeonewa katika toleo hili, na lawama ni yangu. Ipo makala juu ya mafunzo ya ujasiriamali yaliyotolewa kwa wakopaji wadogo wa Dar es Salaam na kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo yalizaa matunda kwa wanaume kuliko kwa wanawake. Mwandishi anauliza swali zuri sana, kwamba neno faida kwenye dodoso lilimaanisha nini kwa mama lishe ambaye nusu ya chakula chake kimeliwa na wanawe. Ipo pia tathmini fupi ya tafiti za M-Pesa.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito, nami naikubali. Mtafiti wa malaria wa Burkina Faso hasomi Kiswahili, na matokeo ya Ifakara yanamhusu. Tuendelee basi kuchapisha kwa Kiingereza, tena kwenye majarida makubwa. Mwaka 2022 serikali ilitangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa mtafiti atakayefanikiwa kufika huko, na wanaoipata wameistahili. Ninachoomba ni kwamba kwenye fomu za kupandishwa cheo vyuoni kuwe na alama, hata moja, kwa aliyerudi katani na kurasa mbili zinazosomeka. Leo hii anayerudi huko anatumia nauli yake na wikiendi yake.

Jarida hili halipandishi mtu cheo, lakini lina masharti yake. Kuanzia toleo lijalo, makala yoyote itokanayo na mahojiano ya Kiswahili italetwa pamoja na dodoso lenyewe kama lilivyosomwa kwa mhojiwa, nukuu zote zitachapishwa kwa maneno ya aliyezisema kabla ya tafsiri, na patakuwa na ikisiri ya Kiswahili ambayo mtendaji wa kata anaweza kuibandika ukutani ofisini kwake. Bodi imepitisha hili kwa kura moja ya ziada. Makala tatu zilizokwisha kukubaliwa zimerudishwa kwa waandishi. Mbili zimerejea na dodoso zake. Mwandishi wa tatu ameniandikia kwamba bado anayatafuta maboksi.